Naomba ushauri: biogesi imepungua baada ya kuongeza taka za matunda

Ndugu wataalamu na wafugaji wenzangu, naomba ushauri kuhusu mtambo wangu wa biogesi hapa Morogoro, ambao kwa miaka miwili nimeulisha kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na maji kwa kipimo sawa, nikaachana kabisa na mkaa. Mwezi uliopita nilianza kuongeza maganda ya machungwa na mananasi kutoka sokoni, kwa kuwa yakioza jalalani hutoa methani, gesi inayoipasha dunia joto kupita hewa ya ukaa. Sasa moto ni hafifu, na tope linalotoka linanuka uchachu. Nahisi asidi imewadhuru vijidudu wanaozalisha gesi. Je, nirudie kinyesi pekee kwa muda, au niongeze chokaa, na kwa kiasi gani? Taka hizo sitaki kabisa zirudi jalalani.