Naomba ushauri: nasoma dozi, mtihani unauliza historia

Wakuu shikamooni, wenzangu mambo vipi. Niko mwaka wa tatu udaktari hapa Mbeya na nina hasira hata sijui nianzie wapi. Wiki mbili nimekesha geto, Soweto, baridi la Julai mnalijua, nimejifunga blanketi miguu iko kwenye beseni la maji moto nakariri malaria kali, dawa ya sindano atesuneti miligramu 2.4 kwa kilo, mtoto chini ya kilo 20 anapewa 3, sindano saa 0, 12 na 24, degedege ufanyeje, sukari ikishuka ufanyeje. Naingia kwenye pepa naulizwa Ronald Ross aliona vimelea vya malaria kwenye mbu mwaka gani! 1897 nilikumbuka kwa bahati tu. Likafuata swali Giemsa wa ile rangi ya kupaka slaidi ya damu alikuwa raia wa nchi gani, nikajaza Uingereza, kumbe Mjerumani.

Sasa mama akiniletea mtoto amepoteza fahamu kutoka Kyela nimwambie subiri kwanza tukumbuke 1897?

Nina sapu (mtihani wa marudio) ya somo hilohilo. Rumeti anasema acha ubishi tafuta pasti pepa kariri yanayojirudia, mimi naogopa nikiishi kwa madesa ya kukariri tu nitakuja kuua watu wodini, na kumfuata mwalimu naogopa kuonekana mjuaji (hapa jina likishajulikana umekwisha). Mliopitia huko mlikomaa na pasti pepa au mlienda kumuona mhadhiri, na kama mlienda, ni wenyewe au mlimtuma CR (kiongozi wa darasa)?