Naomba ushauri: sirizi yetu imekatwa, tukiwa Kisumu tutasaidia aje?
Habari zenu wadau. Sirizi ya anga za mbali tunayofuata na marafiki hapa Kondele imekatwa hadithi ikiwa katikati, na imeniuma sana juu kila Jumamosi tulikuwa tunajazana kwa brathe kuiona, hadi watoto wa ploti wanajua majina ya meli zote. Kuokolewa inawezekana, 2007 mashabiki wa sirizi ya Jericho walituma njugu matani kwa matani kwa CBS, kituo cha TV cha Marekani kilichoikata, wakapewa episodi 7 zaidi, na 2018 wale wa The Expanse wakachanga pesa wakakodi ndege ipitishe bango juu ya ofisi za Amazon, na Amazon wakaichukua! Lakini sisi huku, kutuma mzigo Marekani ni bei kali. Barua za posta bado zinasomwa kweli, ama tuirudie tu yote kwa akaunti ya kulipia ndio tuhesabiwe? Aliyewahi kushiriki kampeni kama hizi anielekeze tafadhali.