"Mbona kwangu haionekani?" Huyu mtu na watamaki zake atanitoa roho

Kalamu_Kavu (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Natoka mkutanoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mjue ni hasira, kibodi haina kosa.

Mnamjua. Jina sitaji, ila kila mwenye ofisi anaye: yule asiyeweza kuona ukurasa mweupe akauacha salama bila kuupiga watamaki, yale maneno makubwa ya Word yanayokaa nyuma ya maandishi. Barua ya kuomba likizo, watamaki. Orodha ya zamu za kusafisha friji, SIRI kutoka kona hadi kona. Kuna fomu imeandikwa "jaza kisha toa nakala tatu", nyuma ya maneno hayo hayo kaipiga USINAKILI. Kadi ya rambirambi nasikia aliipiga SAMPULI.

Sasa zamu ya ripoti ya mwaka. Ripoti niliyoikesha mimi. Jana jioni nimemkabidhi imekamilika, imepitishwa, kilichobaki ni kuprinti tu. Kiherehere kikampanda, akaipiga RASIMU. Na si ile ya kijivu iliyofifia kistaarabu. Katoa tiki ya kufifisha, kachagua nyekundu, herufi nene kiasi kwamba rubani anaisoma angani bila kushusha ndege. Asubuhi nakala za bodi nzima zimeshatoka, zimebanwa, ziko mezani.

Mwenyekiti anafungua ukurasa wa majedwali. Chini kushoto jedwali limepakwa rangi, na watamaki si inakaa nyuma ya kila kitu? Basi ile RA imemezwa na jedwali. Iliyobaki inaning'inia katikati ya ukurasa, nyekundu: SIMU.

Mwenyekiti anavua miwani. Anaivaa tena. Anauliza, "Hii simu ni ya nani?"

Kimya. Mimi namtazama yeye. Yeye anatazama kompyuta yake, anapandisha kurasa, anashusha, halafu anasema mbele ya bodi, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mgonjwa: "Mbona kwangu haionekani?"

MBONA. KWANGU. HAIONEKANI.

Umeipiga wewe! Makaratasi yote mezani yanapiga kelele, halafu kwako haionekani? Na bodi nzima ikanigeukia MIMI!

Povu ruksa. Semeni lolote, ila asitokee wa kuniambia nitulie.

MsomajiKimya

"Hii simu ni ya nani." Nimefungua akaunti leo baada ya kusoma kimyakimya miaka yote, ili tu nije kusema nimecheka.

Hoja_Nzito

Tulia mkuu.

Fundi_Printa

Mkuu, kwake haikuonekana kweli. Huyo alikuwa amefungua kwenye mwonekano wa wavuti. Watamaki unaiona ukiwa kwenye mwonekano wa kuprinti. Ukihamia wavuti inapotea machoni lakini kwenye faili ipo palepale. Mwonekano wa Draft ndio hivyohivyo, yaani ukiingia kwenye rasimu neno RASIMU halionekani. Aliyebuni hiyo sijui alikuwa anamkomoa nani.

Kalamu_Kavu

Kwa hiyo unamtetea.

Fundi_Printa

Naeleza tu.

Kalamu_Kavu

Unamtetea. Kaipiga SAA NGAPI kama haioni? Mtu anapaka ukuta rangi nyekundu halafu anauliza rangi iko wapi?

Jicho_Tatu

Mimi nina swali dogo. Nakala zote zimetoka kwenye printa, zimebanwa, zimepangwa mezani, na mwenye ripoti hakufunua hata moja? Rubani kaona angani, wewe hukuona mezani?

Kalamu_Kavu

ALIYEPRINTI NI YEYE. Aliyebana ni yeye. Aliyepanga ni yeye. Nimekuta zimelala kifudifudi.

Jicho_Tatu

Kifudifudi hahaha. Haya, tumekuelewa mwandishi wa ripoti ya SIMU.

BiMasjala

Poleni. Kuipiga ni raha, shughuli iko kwenye kuitoa. Nenda kichupo cha Design, bofya Watermark, chagua kuondoa, unaona imeondoka, unashangilia. Shuka sasa kwenye ule ukurasa uliolazwa kwa ajili ya jedwali refu. Ipo! Imekaa inakungoja. Ni kwa sababu watamaki imechorwa ndani ya kichwa cha ukurasa, na kila sehemu ya waraka inaweza kuwa na kichwa chake. Ukurasa wa kwanza ukiwekwa tofauti nao una chake, na ukitenganisha kurasa witiri na shufwa umejiongezea kazi. Dawa yake ni kubofya mara mbili juu kabisa ya ukurasa, kichwa kifunguke, uyabofye maneno yenyewe mpaka vidoti vya pembeni vitokee, kisha Delete. Rudia kila sehemu isiyounganishwa na iliyotangulia. Wa kwangu mimi alikuwa anatenga sehemu mpya kila anapotaka kushuka ukurasa. KILA UKURASA. Nimefuta mpaka kidole kimeota sugu.

Kalamu_Kavu

Asante BiMasjala, wewe peke yako una utu humu. Sasa fikiria baada ya kufuta zote hizo anakuja anakwambia kwake haionekani.

BiMasjala

Huyo ningemwonyesha yaliyo ndani ya kabati la faili, akiwa humo humo ndani.

Zama_Zile

Kwa faida ya wengi: watamaki zilianza kwa watengeneza karatasi wa Italia, karne ya 13. Walikuwa wanakunja waya wenye umbo la alama na kuufunga kwenye chujio la karatasi. Penye waya karatasi inatoka nyembamba, ukiinyanyua kwenye mwanga alama inajitokeza.

Hoja_Nzito

Karne ya 13, na mpaka leo watu wanashindwa kuitoa.

Jicho_Tatu

Angalau ile ukiinyanyua kwenye mwanga kila mtu anaiona, hata mwenye nayo.

Kalamu_Kavu

Usinikumbushe.

Huru_Daima

Ndiyo maana nawaambia acheni Word, hamieni LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia. Toka toleo la 5.4, mwaka 2017, watamaki iko kwenye menyu ya Format, unaandika neno, unachagua fonti, pembe, rangi na kiwango cha kufifia, umemaliza.

BiMasjala

Tulikuwa tunakusubiri. Hata uzi wa mapishi ulikuja na hiyo LibreOffice yako.

Huru_Daima

Na hamkuhama.

Mwana_PDF

Tatizo la mleta uzi ni kumpa mtu kama huyo faili linaloharirika. Kazi ikiisha unatoa PDF. Basi.

Fundi_Printa

PDF nayo inapigwa watamaki, mkuu. Na kusema ukweli USINAKILI haijawahi kumzuia mtu yeyote kunakili. Ni maneno tu ya kumtia mtu aibu, anayetaka kuyatoa anayatoa.

Picha_Imeruka

Samahani naingilia. Nyie mnalia na watamaki? Mimi nimesogeza picha MOJA, kidogo tu, kama unene wa unywele, na sura nzima ya pili imehamia kusikojulikana. Jedwali liko juu ya jedwali. Picha yenyewe siioni tena.

Fundi_Printa

Iweke iwe sambamba na maandishi, isielee.

Picha_Imeruka

Nimeiweka. Sasa nimebaki na mstari mmoja wa picha, ncha za viatu vya mkurugenzi.

Hoja_Nzito

Nafasi kati ya mistari umeibana kwa kipimo maalumu, irudishe iwe moja. Ila afadhali yako. Mwenzangu aliacha maoni ya pembeni, "huyu mteja haelewi kitu, mrudishie yaleyale". Yakaenda kwa mteja.

MsomajiKimya

Nafungua akaunti ya pili kwa ajili ya hii.

Mwana_PDF

Mteja akasemaje?

Hoja_Nzito

Akajibu hapo hapo pembeni: "Nimeelewa."

Kalamu_Kavu

Jamani tusitoke nje ya mada. Mwenyekiti kauliza simu ni ya nani, na mtu kaangalia kioo chake akasema

Jalada_Jipya

Wakuu habari, nimeona kuna wataalamu humu. Namba za kurasa zinaanzia kwenye jalada, mimi nataka jalada lisiwe na namba na ukurasa unaofuata uwe 1. Nimehangaika toka asubuhi.

BiMasjala

Weka tiki ukurasa wa kwanza uwe tofauti, halafu kwenye mpangilio wa namba anzia 0.

Kalamu_Kavu

Mimi nilikuwa naongea.

Picha_Imeruka

Mkuu subiri kwanza tusaidie watu wenye shida.

Jalada_Jipya

Asante BiMasjala, ukurasa wa pili umekuwa 1. Ila sasa jalada lina 0.

BiMasjala

Ile tiki umeiweka?

Jalada_Jipya

Tiki ipi?