Ushauri: spika ya masafa kamili ya inchi 4 au ya inchi 8 kwa maboksi ya kujitengenezea?

MpendaKoni

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuunda maboksi mawili ya spika kwa mkono wangu, na nimeshaamua kutumia spika ya masafa kamili, moja kwa kila boksi, bila twita (spika ndogo ya sauti za juu) wala krosova (saketi inayogawia kila spika masafa yake). Sababu ni moja tu: sauti ya mwimbaji. Spika moja ikibeba kila kitu, kuanzia kifua cha mwimbaji hadi pumzi yake, nasikia mtu kamili amesimama mbele yangu. Kwenye spika nyingi za njia mbili napasikia pale wufa (spika ya sauti za chini) inapomkabidhi twita, na nikishapasikia hapanitoki tena masikioni.

Nimebaki na mbili, zote za omu 8:

Ya inchi 4: Fs (masafa ambayo koni hutetemeka yenyewe) 70 Hz, Qts (namba ya jinsi mtetemo huo unavyozuiwa; ikiwa ndogo, koni imeshikwa zaidi) 0.45, Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni) lita 5, unyeti (ukubwa wa sauti inayotoka) desibeli 87 kwa wati 1 kwa mita 1.
Ya inchi 8: Fs 45 Hz, Qts 0.30, Vas lita 70, unyeti desibeli 95. Ina koni ndogo ya karatasi iliyobandikwa katikati.

Chumba ni mita 4 kwa 3.5, nakaa kama mita 2.5 kutoka kwenye spika. Amplifaya inatoa wati 15. Nasikiliza kwaya, magitaa, na bendi zenye besi ya kueleweka. Moyo unanivuta kwenye inchi 8, kwa kuwa koni kubwa itanipa besi bila kuhitaji sabufa (spika ya besi peke yake). Au siyo?

FundiBoksi

Mkuu, kabla hujapasua mbao tuzipigie hesabu hizo namba zako, maana zina jambo ambalo kwa macho halionekani.

Ukiifunga spika kwenye boksi lililozibwa unapata Q mpya, Qtc, yaani ya spika ikiwa ndani ya boksi. Hiyo ni Qts mara kipeuo cha pili cha jumla hii: Vas gawanya kwa ujazo wa boksi, ongeza 1. Wengi hulenga Qtc ya 0.7 hivi, besi ishuke taratibu bila kuvimba. Kwa inchi 4 yako hilo ni boksi la lita 3.4, na besi inakuwa imeshapungua desibeli 3 ikifika 110 Hz. Kwa inchi 8 ni lita 15 na ushee, na inapungua vilevile ikifika 106 Hz. Tofauti ni Hz 4 tu!

Kilichofanya hivyo ni sumaku. Qts ya 0.30 maana yake koni imeshikwa kwa nguvu sana. Sumaku hiyohiyo inayokupa desibeli 95 ndiyo breki inayokata besi chini. Hata ukiweka bomba la kupitishia hewa kwenye boksi, inchi 4 katika lita 7 itafika karibu 60 Hz, na inchi 8 katika lita 26 itaishia karibu 70.

Ili uone maana yake: nyuzi nne za gitaa la besi zikipigwa wazi ni takriban 41, 55, 73 na 98 Hz. Kwenye boksi lililozibwa, spika zako zote mbili zinalegea kabla hata ya kuufikia uzi mwembamba kuliko yote. Noti utaitambua, kwa sababu sikio huijenga kutoka kwenye sauti zake za juu, ila uzito wake hautakuwepo.

MzeeValvu

Hesabu za Fundi ziko sawa, sina ugomvi nazo. Lakini Hz peke yake haisemi besi hiyo inatoka kwa sauti ya kiasi gani.

Eneo la koni ya inchi 8 ni kama sentimita za mraba 210, la inchi 4 ni kama 55. Ili isukume hewa ileile, koni ndogo lazima itembee karibu mara nne zaidi. Na kila masafa yanaposhuka kwa nusu, tuseme kutoka 120 hadi 60 Hz, mwendo wa koni unazidishwa tena mara nne kwa sauti ileile. Spika ya inchi 4 ina milimita chache tu za kutembea kabla haijaanza kukwaruza. Na kumbuka ni koni moja: ngoma kubwa ikiipeleka mbele na nyuma, mwimbaji uliyejengea haya maboksi anayumbishwa nayo.

Halafu nguvu. Tofauti ya desibeli 8 kati ya 87 na 95 ni zaidi ya mara sita ya wati. Pale inchi 8 inapotumia wati 2, inchi 4 inadai karibu 13, na wewe una 15. Mimi ningechukua inchi 8.

BiMasafa

Mmeshuka chini kote, juu hamjapagusa. Koni huanza kuikusanya sauti mbele yake pale urefu wa wimbi unapolingana na upana wa koni. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Upana halisi wa koni ya inchi 8 ni kama sentimita 16.5, kwa hiyo jambo hilo linaanza karibu 2 kHz. Ya inchi 4, sentimita 8 na kitu, linaanza karibu 4 kHz. "S" na "sh" za mwimbaji zina nguvu juu ya hiyo 2 kHz. Ukikaa katikati utazisikia kali, ukisogea pembeni zinafifia.

Ile koni ndogo ya karatasi iko pale kusaidia hilo, lakini nyingi huleta kilima kwenye masafa ya kati ya juu, na kwaya ikipaza unakisikia kama kelele ya pua. Tafuta mchoro wa mwitikio uliopimwa kwa pembe ya digrii 30, usiridhike na ule wa mbele tu.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya yote tuambie: unasikiliza peke yako kwenye kiti kimoja, au kuna watu pembeni yako?

MpendaKoni

Tunakaa watatu, Bi Masafa, na hilo sikuwa nimelipa uzito. Basi nimeelemea inchi 4. Sabufa naweza kuazima. Je, nitalazimika kuweka kapasita ili kuiondolea besi? Na hili la upana wa uso wa boksi (ubao wa mbele) ambalo watu hulitaja, lina athari kiasi gani?

FundiBoksi

Kapasita hapana, kwa kuanzia. Ukiiweka kwenye lita 3.4 zilizozibwa, boksi lenyewe linaikata kwa desibeli 12 kwa kila oktava (kila masafa yanaposhuka kwa nusu) kuanzia 110 Hz kwenda chini. Sabufa nayo ikomeshe karibu hapohapo isipande juu zaidi, na uiweke kati ya spika mbili, kwa sababu kwa 110 Hz sikio linaweza kuanza kutambua besi inatoka upande gani. Geuza swichi ya fezi ya sabufa (inayogeuza mwelekeo wa koni kusukuma) huku kuna wimbo wenye besi ya kutembea, bakiza upande unaojaza zaidi. Kwa kuwa sabufa imebeba mzigo, hofu ya Mzee kuhusu mwendo wa koni inapungua sana.

Upana wa uso ni jambo kubwa, tusilipite juujuu. Masafa ya juu husukumwa mbele na uso wa boksi, ya chini huzunguka na kwenda nyuma. Badiliko hilo liko katikati karibu na 115 gawanya upana kwa mita. Ukitengeneza uso wa sentimita 22, ni karibu 520 Hz, yaani katikati ya sauti ya mwimbaji. Usiporekebisha, mwimbaji anakosa kifua. Anza na koili ya 1 mH, iunganishe sambamba na rezista ya omu 4.7, vyote kwenye waya mmoja wa spika. Inashusha masafa ya juu kama desibeli 4. Koili iwe ya waya mnene.

MzeeValvu

Inashusha, ndiyo, na 87 yako imeshakuwa 83. Kwa wati 15, ukiwa mita 2.5, zinatosha kusikiliza, hazitoshi kufanyia sherehe. Maboksi yakikaa karibu na ukuta, ukuta unarudisha sehemu ya kilichopotea, kwa hiyo jaribu rezista ya omu 2.7 kabla ya 4.7.

MpendaKoni

Sherehe hazipo, nataka waimbaji. Nachukua inchi 4, boksi lililozibwa, sabufa ya kuazima, na nitanunua rezista zote mbili. Plaiwudi niliyo nayo ni ya milimita 18, itafaa?

BiMasafa

Inafaa sana, ila angalia tundu la spika. Kwa spika ndogo, ubao wa milimita 18 unageuka bomba fupi nyuma ya koni, na hewa inabanwa kati ya ubao na sumaku. Chonga ukingo wa ndani kwa digrii 45 kulizunguka tundu lote, ukiacha mbao nzima pale tu skrubu zinapoingia. Fanya hivyo kabla ya kugundisha uso, maana boksi la lita 3.4 likishafungwa mkono hauingii.