Re: Inveta ya karavani, na kuja nayo Mombasa

Assalaam aleikum ndugu zangu,

Mimi na mume wangu tumenunua karavani ya kuvuta hapa Arizona. Msimu huu wa baridi tunataka kuwapeleka watoto jangwani upande wa Quartzsite, tulale huko siku kumi hivi. Soketi hakuna, bomba hakuna. Dukani wanatuambia tuchukue inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, ya wati 3,000 tumalize shida. Vyombo vyetu ni friji, laptopu mbili, feni, simu na jagi la umeme la chai. Mwakani, Mungu akipenda, tunarudi Mombasa kwa jumla, na ningependa nije nayo. Mliotangulia nishaurini.

Dada yenu, Arizona

*

Waaleikum salaam dada yangu,

Nakuandikia kutoka Changamwe. Nimekaa huko Marekani miaka tisa, na kempa, gari la kulala safarini, niliyokuwa nayo ndiyo iliyonifunza mambo ya umeme. Naomba nianze na ulilomalizia: inveta ya huko usije nayo. Umeme wa Marekani ni volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 240, mizunguko 50. Inveta ya huko hutoa umeme wa huko, haitawasha friji utakayonunua hapa wala haipokei plagi yetu ya meno matatu. Betri ndiyo kabisa usiifikirie. Ndege ya abiria haibebi betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 (yaani wati mara saa za matumizi), na betri moja ya karavani, ya volti 12 (kwa hakika 12.8) na ampea-saa 100, ukizidisha ina kama 1,280. Siku ya kuondoka, viuze vyote pamoja na karavani.

Sasa hizo wati 3,000. Inveta huchaguliwa mwisho, dada. Kwanza jua kwa siku nzima mnakula umeme kiasi gani. Laptopu mbili za wati 60, kila moja saa tatu, ni wati-saa 360. Feni ya wati 25 kwa saa nane, 200. Taa na simu, weka 100. Friji ya kompresa ya volti 12, ile inayofungwa moja kwa moja kwenye betri, hula 400 hadi 600, kutegemea joto na watoto wanavyofungua mlango. Hapo umeshafika 1,100 au 1,200, yaani betri nzima ya lithiamu ya ampea-saa 100. Kama betri ni za asidi, usizishushe chini ya nusu, kwa hivyo utataka mbili za ukubwa huo. Sola ya wati 300 kwenye jua kali kwa muda wa saa tano, ukitoa kinachopotea njiani, hurudisha kama 1,000.

Utaona friji nimeiweka nje ya inveta. Nimekusudia hivyo. Karavani nyingi za huko zina friji ya gesi, na kama yenu ni hiyo, mkiwa jangwani iwasheni kwa gesi. Ukiipitisha kwenye umeme, lile joto linaloendesha upoozaji wake hutoka kwa koili badala ya moto wa gesi, na inakula wati 300 hivi bila kupumzika.

Jagi la chai ni wati 1,500. Kwa dakika tano ni wati-saa 125 tu, si nyingi. Tatizo ni kwamba kwa hizo dakika tano inveta itavuta karibu ampea 140 kutoka kwenye betri, na betri nyingi za lithiamu za ampea-saa 100 zimewekewa kikomo cha ampea 100. Betri itajizima yenyewe na maji hayajapata hata uvuguvugu. Chai telekeni kwenye gesi.

Tena inveta kubwa, hata ikiwa haina kazi, kuwashwa tu yaweza kula wati 20 hadi 30. Kwa saa 24 ni wati-saa 480 hadi 720. Nusu ya betri yako imekwenda na hujachaji hata simu. Kwa vyombo ulivyotaja, wati 600 mpaka 1,000 zinakutosha, na ukilala izime.

Lakini iwe pyua sain, yaani inayotoa umeme wa wimbi laini kama wa soketi. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka niliorudi nilinunua mjini inveta ya modifaidi, bei nafuu, imeandikwa wati 2,000. Nikampeleka mama Tiwi siku tatu apunge upepo wa bahari, friji ndogo ya nyumbani nimeifunga nyuma ya gari, ndani yake insulini yake. Usiku wa kwanza kompresa ilinguruma, ikapata moto hata huwezi kuigusa, alfajiri imekufa. Tulivuka Likoni na mapema, insulini iko ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi. Mama hakusema neno. Mpaka leo linaniuma.

Modifaidi hutoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini. Balbu na hita havijali, ila mota na kompresa huumia, na chaja nyingine huharibika. Isitoshe, kompresa inapoanza huvuta mara tatu hata sita ya wati zake za kawaida, kwa hivyo kwenye boksi tazama namba mbili: ya kuendelea na ya kuanzia. Ile kubwa iliyochorwa mbele mara nyingi ni ya kuanzia.

Kuhusu waya: inveta ikae karibu na betri, isizidi mita moja, waya wa milimita mraba 35 kwa wati 1,000, na fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na chanya ya betri. Fyuzi hiyo usiiache hata kwa siku moja. Na inveta usiifungie kabatini pasipopita hewa, maana ikipata joto nguvu zake hupungua.

Kaka yako, Changamwe

*

Shukrani sana kaka, na mama apewe salamu zangu. Je, kiyoyozi cha juu ya paa? Mume wangu ndiye anayekililia.

*

Cha BTU 13,500 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula wati 1,500 hivi kikiwa kinakwenda. Saa moja tu na betri yako imekwisha. Hicho ni cha jenereta, na majira ya baridi huko jangwani usiku mtatafuta blanketi.

Friji yenu soma kibati kilicho nyuma ya mlango au ubavuni, unitumie volti na ampea zake kabla hujalipa chochote dukani.