Je, ilikuwa haki kuruhusu tiba ya chembe za sumaku kabla ya jaribio lenye kundi la kulinganishia?

Mleta mada:
Ndugu wanajamvi, naomba tuijadili tiba ya saratani ya ubongo iliyopata kibali cha Ulaya mwaka 2010, iliyotengenezwa na kampuni ya MagForce ya Berlin kutokana na utafiti wa Andreas Jordan. Daktari hudunga ndani ya uvimbe kimiminika chenye chembe za oksidi ya chuma, kila moja ikiwa na kiini cha takriban nanomita 12 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kisha kichwa cha mgonjwa huingizwa katika mashine ambayo uga wake wa sumaku huenda na kurudi mara 100,000 kwa sekunde. Chembe hupata moto, na joto hilo ama huua seli za saratani au huzidhoofisha ili mionzi izimalize.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalihusu wagonjwa 59 wa glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo, iliyorudi baada ya tiba ya awali, na nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13.4 tangu iliporudi. Sisemi kwamba namba hiyo ni ya uongo. Hata hivyo, wagonjwa hao walipewa pia mionzi, na hapakuwa na kundi lililopewa mionzi peke yake, kwa hiyo hakuna awezaye kutuambia ni miezi mingapi iliyoletwa na joto. Tiba ilipitia mlango wa vifaa tiba, si mlango mwembamba zaidi wa dawa, wenye masharti makali zaidi ya ushahidi, na kwa maoni yangu kibali kilitoka mapema mno.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, hoja yako nimeielewa, lakini glioblastoma ikisharudi mgonjwa huhesabu miezi, na mimi siwezi kumwambia asubiri hadi tupige kura kujua nani apate joto na nani akose. Isitoshe, hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani wakiongozwa na Polina Anikeeva walizipasha moto chembe za namna hii ndani ya ubongo wa panya, na joto likafungua mlango wa seli uitwao TRPV1, uleule unaotufanya tuhisi ukali wa pilipili, hata neva zikaamka.

Mleta mada:
Ahsante, ndugu yangu. Kwamba chembe hupata joto silibishi hata kidogo. Lakini mwaka 2016 watafiti wengine walidai kwamba protini yenye chuma kidogo huweza kuamrisha neva kwa sumaku, na Markus Meister, mwanasayansi wa chuo cha Caltech cha Marekani, akapiga hesabu akaonyesha kwamba nguvu iliyopo ni pungufu kwa mara laki moja au zaidi kuliko inayohitajika. Madai yaliyopendeza yalihitaji mtu wa kuyapima.

Tena tuangalie anachotoa mgonjwa mwenyewe. Kabla ya tiba hung'olewa vizibo vya madini menoni, kwa sababu navyo vingepata moto. Na baada ya tiba, chuma kilichobaki kichwani huvuruga picha za MRI, kipimo kilekile ambacho daktari angekitegemea kuona kama uvimbe unakua tena, hivyo daktari hulazimika kurudi kwenye CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka. Mtu anayekubali hayo yote anastahili kujua anapata nini. Mwaka 2022 kampuni iliomba kufilisiwa. Ningependa wanaounga mkono kibali kile watueleze: mgonjwa anayeuliza leo kama lile joto lilisaidia, ajibiwe nini?