Dripu kabla ya ganzi ya mgongo: inamsaidia mtoto, au tunajifariji?

Mwanaganzi: Naanza na msimamo wangu: desturi ya kumjaza mama lita nzima ya maji ya dripu dakika 20 kabla ya ganzi ya upasuaji wa kujifungua iachwe. Ganzi ikishika, mishipa ya damu inalegea, damu inatuama miguuni, presha inaanguka. Kondo la nyuma halijirekebishii mtiririko wa damu, kwa hiyo presha ya mama ikishuka, oksijeni ya mtoto inapungua. Hapo hatubishani. Ila Ringa lakteti, yaani maji ya dripu yenye chumvi, haikai mishipani: baada ya nusu saa sehemu kubwa imeshavujia kwenye tishu. Ifungulie sindano inapoingia mgongoni, ikimbie, lita ndani ya dakika 10 hivi.

Mkunga wa Leba: Kwa kanula gani, ule mrija wa kwenye mshipa? Ya pinki ni nyembamba, itakuchelewesha. Angalau ya kijani, na mfuko wa dripu ubanwe. Sasa chukua chumba ambacho mtu mmoja anachoma mgongo, anapima presha na kubana mfuko. Mikono mingapi hiyo? Dripu ya mapema inabaki si kwa ujinga, ni kwa sababu mama amefunga kula tangu jana na mtoa ganzi yuko peke yake.

Mwanaganzi: Mkunga, hoja ya mikono naikubali. Ya maji siikubali. Yakianza mapema au papo hapo, peke yake hayaizuii presha kushuka. Kinachoizuia ni dawa ya kukaza mishipa: fenilefrini mikrogramu 25 hadi 50 kwa dakika, ikianza mara tu baada ya ganzi, na mama alazwe akiinamia kushoto ili mfuko wa uzazi usiubane mshipa mkubwa. Makubaliano ya wataalamu ya 2018 yanataka presha ya juu, ile namba ya kwanza kwenye kipimo, isishuke chini ya asilimia 90 ya ile ya mwanzo. Aliyeanza na 120, chukua hatua ikikaribia 108, usingoje 80. Na pima kila dakika moja, si kila tano!

Daktari wa Vichanga: Mimi nampokea mtoto, kwa hiyo nasema ya upande wangu. Efedrini, dawa nyingine ya kupandisha presha, inavuka kondo na kuuchochea mwili wa mtoto. Ikitolewa nyingi, damu ya kitovu inakuwa na asidi zaidi, ingawa alama za Apgar, za kupima hali ya mtoto anapozaliwa tu, mara nyingi haziguswi. Fenilefrini haina tatizo hilo kwa kiasi hicho. Pili, dekstrozi, yaani dripu ya sukari, isitumike kabisa kama maji ya kujaza. Sukari inavuka kwa mtoto, insulini ya mama haivuki. Kongosho la mtoto linamwaga insulini yake, kitovu kinakatwa, na ndani ya saa moja au mbili sukari yake imeporomoka. Tatu, jambo linalosahaulika: maji mengi ya mama yanaupandisha uzito wa kuzaliwa. Mtoto anakojoa siku ya kwanza, mizani inashuka, mama anaambiwa maziwa hayatoshi, kopo la maziwa ya unga linaletwa. Uzito wa saa 24 ungekuwa msingi bora wa kuhesabia asilimia aliyopoteza.

Zamu ya Usiku: Mmemsahau mwenye presha ya ujauzito. Huyo presha yake hushuka kidogo kuliko wengine, lakini mapafu yake hujaa maji upesi. Lita ya desturi hapana. Na kitovu kikitangulia kutoka kabla ya mtoto, hakuna kungoja dripu iishe.

Mkunga wa Leba: Sawa, na pasipo na fenilefrini?

Mwanaganzi: Efedrini miligramu 5 hadi 10 kwa mara, mapema, kuliko kuiacha presha chini kwa kuogopa asidi, dakika za presha iliyoanguka zinamuumiza mtoto zaidi. Ikiwepo fenilefrini, ichunge: ampuli ya miligramu 10 ichanganywe kwenye maji ya chumvi mililita 100, upate mikrogramu 100 kwa mililita, na sirinji iandikwe. Isiyochanganywa inaweza kuua. Mapigo yakishuka chini ya 50, simamisha.

Mkunga wa Leba: Basi tatizo lako halikuwa dripu. Ni yule mtu wa pili asiyekuwepo.